Waomba hifadhi na mahakama za uhamiaji nchini Marekani

Katika mjadala wa uhamiaji nchini Marekani hudaiwa kwamba waomba hifadhi, wakiachwa huru, hawaonekani tena mahakamani. Kwenye mdahalo wa urais wa Oktoba 2020, Donald Trump alisema wanaorejea hawafiki hata asilimia 1. Utafiti wa Ingrid Eagly na Steven Shafer, uliochapishwa mwaka huohuo, ulipitia kumbukumbu za mahakama za uhamiaji za mwaka 2008 hadi 2018. Kati ya wasiokuwa kizuizini, asilimia 83 walihudhuria vikao vyao vyote. Kwa wenye mawakili, asilimia 96.

Takwimu za serikali hutofautiana kwa kuwa huhesabu mashauri yaliyokwisha kuamuliwa tu. Asiyefika mara nyingi huamuliwa siku hiyohiyo, ilhali anayefika huweza kungoja miaka. Hesabu ya namna hiyo haimtendei haki anayengoja kwa uaminifu.

Sheria yenyewe ni kali. Aliyepelekewa wito kwa maandishi asipofika huamriwa kuondolewa nchini, wala hana haki ya wakili wa kulipiwa na serikali. Anayethibitisha kwamba wito haukumfikia aweza kuomba wakati wowote shauri lifunguliwe upya. Mwenye udhuru mzito, kama ugonjwa, hupewa siku 180.

Mwaka 2025 wahamiaji waliotii wito walianza kukamatwa wakitoka mbele ya hakimu. Tarehe 20 Juni mwaka huo, Siku ya Wakimbizi Duniani, Askofu Michael Pham wa San Diego alikwenda mahakamani kuwasindikiza. Yeye mwenyewe aliikimbia Vietnam akiwa mtoto.