Nguzo ya Msalaba Iliyosimikwa Malindi

Katika viunga vya Kahama, ulikokuwa mgodi wa dhahabu wa Buzwagi ulioanza kuzalisha mwaka 2009 na kukoma mwaka 2021, ardhi ikishapimwa husimikwa bikoni za zege zenye namba, zisizo na nakshi wala dua, katika nchi ambayo Wasukuma na Wanyamwezi walizoea kuyazungushia maboma yao wigo wa minyaa. Wahenga wa mataifa mengine hawakuridhika na jiwe tupu. Huko Babeli, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, hati ya ardhi aliyotoa mfalme ilichongwa katika jiwe, juu yake hilali, jua na nyota za miungu, na pamoja nazo laana kwa kila atakayethubutu kuliondoa.

Jiwe la jamaa hiyo lilifika pwani yetu. Vasco da Gama, aliyepokewa kwa hisani Malindi mwezi wa Aprili 1498, alirejea kutoka Bara Hindi Januari 1499, mabaharia wake wakiwa taabani kwa kiseyeye, akaomba idhini ya kusimika nguzo iwe alama ya urafiki. Na Sultani, aliyekuwa akitafuta mwenzi wa kumkabili hasimu wake wa Mombasa, aliridhia. Msalaba wa nguzo hiyo ni wa mawe ya chokaa ya Lisbon, nduguye marumaru, nao umechongwa nembo ya mfalme wa Ureno, yenye ngao tano ndogo ambazo Wareno huzifasiri kuwa majeraha matano ya Masihi. Nguzo kama hizo baharia Mreno aliyemtangulia, Diogo Cão, alikwisha kuzisimika tangu mlango wa mto Kongo, kutangaza himaya ya mfalme wake na ya dini yake kwa pamoja. Kwa hiyo naona kwamba mwenyeji alipewa ahadi ya udugu na mgeni akajiandikia hati ya milki, katika jiwe lile lile.

Waislamu wa mji walilielewa jiwe upesi kuliko Sultani wao. Msalaba karibu na nyumba ya mtawala uliwachukiza, nguzo ikaondolewa, na baadaye ikasimikwa kwenye rasi ya matumbawe, ambako sasa yategemezwa na mnara mweupe, mpana chini na mwembamba juu, uliojengwa karne ya 19.

Mwaka 1505 Wareno waliziteka na kuzipora Kilwa na Mombasa, Malindi ikasalimika. Lakini ilipoanza kujengwa Ngome ya Yesu huko Mombasa mwaka 1593, Wareno walihamia huko, Sultani wa Malindi akawafuata, na mji uliowapa mahali pa kusimika nguzo yao ukadidimia.