Mizani ya Vita vya Mezani: Kutoka Bao la Mwambani Nakuru hadi Mapango ya Mazimwi

Kila mchezo unaoiga vita, uwe wa kete au wa dadu, hukabiliwa na swali moja ambalo waasisi wake hawawezi kulikwepa, nalo ni jinsi ya kuyapima mapigano ili mshindi aamuliwe na akili ya mchezaji badala ya kuamuliwa na uzito wa upande mmoja kabla mchezo haujaanza. Pambano jepesi kupita kiasi humchosha mshindi, na pambano zito kupita kiasi humvunja moyo mshindwa, kwa hiyo mchezo unaodumu vizazi kwa vizazi ni ule uliofaulu kuipata mizani kati ya hali hizo mbili. Historia ya jitihada hiyo haikuanzia katika viwanda vya michezo vya Marekani, kwa maana sehemu yake imechongwa katika mwamba wa Bonde la Ufa, mwendo mfupi kutoka katikati ya jiji la Nakuru.

Hyrax Hill ni kilima cha mawe ya volkano kilichoko kiasi cha kilomita 4 kutoka mjini, kando ya barabara kuu ya kwenda Nairobi, na jina lake limetokana na pimbi waliokuwa wakiishi katika nyufa za miamba yake. Louis Leakey alitambua umuhimu wa mahali hapo mwaka 1926, Mary Leakey akaongoza uchimbaji wa kitaalamu mwaka 1937 na 1938, kisha mwaka 1943 kilima kikatangazwa kuwa eneo la kumbukumbu la kitaifa, na jumba la makumbusho likafunguliwa mwaka 1965 katika nyumba iliyokuwa ya shamba. Wachimbaji walikuta makaburi ya wafugaji wa Enzi ya Mawe Mapya pamoja na mabaki ya makazi ya Enzi ya Chuma, na juu ya mwamba wenyewe vinaonekana vishimo vilivyochongwa kwa safu, ambavyo ni bao la kuchezea kete.

Umri wa vishimo vya namna hiyo ni vigumu kuuthibitisha, kwa sababu kipimo cha kaboni huhitaji mabaki ya kitu kilichowahi kuwa na uhai, kama vile mkaa au mfupa, ilhali shimo lililo wazi juu ya jiwe halihifadhi chochote cha aina hiyo. Wataalamu hulazimika kuangalia kiasi ambacho jiwe limeliwa na mvua na upepo, na mtafiti Veronica Waweru wa Chuo Kikuu cha Yale, aliyechunguza mabao mengi yaliyochongwa mwambani katika eneo la Lewa, kaskazini mwa Mlima Kenya, ameonyesha kwamba baadhi yamelika zaidi ya mengine, jambo linaloashiria kuwa watu walirudi mahali pamoja kucheza katika nyakati tofauti. Desturi yenyewe haikukatika, kwani jamii zinazoishi leo katika Bonde la Ufa na kandokando yake zimeendelea kucheza michezo ya ukoo huo: Wakikuyu wana giuthi, Wamaasai wana enkeshui, na Wajaluo wana ajua, michezo ambayo ubao wake una safu mbili za mashimo.

Ili kuona jinsi wahenga walivyovipima vita vya kete, ni vyema kuutazama kwa karibu mchezo wenye kanuni nyingi zaidi katika ukoo huu, yaani bao la Kiswahili, linalochezwa pwani, Zanzibar na sehemu nyingi za bara. Ubao una safu 4 za mashimo 8, kila mchezaji akimiliki safu 2, na kete zote ni 64, kwa desturi zikiwa mbegu za mkomwe. Mchezo unapoanza, kila mchezaji huweka kete 6 katika shimo kubwa liitwalo nyumba, huweka kete 2 katika kila moja ya mashimo mawili yaliyo kulia kwa nyumba, na kubaki na kete 22 mkononi, ambazo huziingiza ubaoni moja moja kwa kila zamu. Sehemu hii ya kwanza huitwa namua, na kete za mkononi zinapokwisha ndipo huanza sehemu ya pili, iitwayo mtaji, ambapo kete zilizomo ubaoni ndizo pekee zinazotumika.

Hatari kubwa ya mchezo huu ni kwamba kete zilizoliwa haziondolewi ubaoni kama inavyofanyika katika michezo mingi ya safu mbili, bali hupandwa upande wa aliyekula, kwa hiyo kila pigo humdhoofisha mmoja na papo hapo humtia nguvu mwenzake. Laiti kusingekuwa na vizuizi, pigo la kwanza lingetosha kuumaliza mchezo, na kanuni za bao zinaonyesha wazi kuwa waliozitunga waliitambua hatari hiyo na kuiwekea kinga kadhaa. Kete za mkononi ni akiba isiyoweza kuliwa, hivyo aliyepigwa mapema hubaki na nguvu za kurejea vitani. Kete zinazoweza kuliwa ni zile za safu ya mbele tu, maana yake safu ya nyuma ni maficho, tofauti na omweso wa Uganda, ambao mchezaji anaweza kula mashimo ya mbele na ya nyuma kwa pamoja.

Hata hivyo maficho hayo yamewekewa gharama, kwa sababu mchezaji ambaye safu yake ya mbele imebaki tupu huwa ameshindwa, hata kama safu yake ya nyuma imejaa kete, na kwa hiyo mwoga anayeficha kila kitu huadhibiwa sawasawa na mjasiri anayeacha kila kitu wazi. Anayeweza kula hulazimika kula, hata pale ambapo kula kunamharibia mpango wake, na mchezaji hodari hutumia kanuni hiyo kumwongoza mpinzani mwenye kete nyingi aingie mtegoni. Katika mtaji, shimo lenye kete 16 au zaidi haliwezi kuanzishwa kwa ajili ya kula, kanuni inayomnyima aliyelimbikiza kete rukhsa ya kulifanya rundo lake kuwa silaha isiyo na mipaka. Kwa ajili ya wanaoanza kuna bao la kujifunza, ambalo kila shimo hupewa kete 2 na hakuna nyumba wala kete za mkononi, hivyo ugumu hupunguzwa kwa kuondoa kanuni huku mapambano yenyewe yakibaki yaleyale.

Hyrax Hill ina ushahidi mwingine unaohusu mizani ya nguvu, safari hii katika mapigano ya kweli. Mteremko wa kilima una mabonde madogo ya duara yajulikanayo kama mashimo ya Wasirikwa, jamii ya kale ya wafugaji, mashimo yaliyotumika kwa makadirio kati ya karne ya 13 na ya 18, ambayo zamani yalidhaniwa kuwa nyumba za chini ya ardhi hadi mwanaakiolojia John Sutton alipoeleza kwamba yalikuwa mazizi ya ng'ombe, huku nyumba za watu zikiwa zimeunganishwa pembeni. Zizi lilikuwa na mlango mmoja mwembamba, na faida yake ni rahisi kuieleza: kundi la wavamizi, hata likiwa kubwa namna gani, halikuweza kuingia isipokuwa kwa wachache wachache, na walinzi wa ndani wakakabiliana na idadi waliyoimudu. Wafugaji hao walijua kwamba wingi wa watu huwa nguvu pale tu wote wanapoweza kupiga kwa wakati mmoja.

Ukweli huo ulikuja kuandikwa kwa hesabu mwaka 1916 na mhandisi Mwingereza Frederick Lanchester, aliyeonyesha kwamba pale ambapo kila mpiganaji anaweza kumlenga adui yeyote, nguvu ya kikosi hukua kwa kipeo cha pili cha idadi yake, kiasi kwamba watu 4 dhidi ya 3 huwa na uwiano wa 16 kwa 9. Kabla ya hapo, huko Prussia, Georg Leopold von Reisswitz alikuwa ametengeneza mwaka 1812 mchezo wa vita wa kuwafundishia maofisa wa jeshi, ambao mwanawe aliuboresha na kuuchapisha mwaka 1824, ukitumia ramani, dadu na mwamuzi aliyesimama kati ya pande mbili. Mwamuzi huyo ndiye babu wa kila msimamizi wa mchezo anayeketi mezani leo.

Kutoka katika mapokeo hayo ya michezo ya vita ulizaliwa mwaka 1974 mchezo wa Dungeons & Dragons, ulioandikwa na Wamarekani Gary Gygax na Dave Arneson, na kuwa chanzo cha michezo ya kuigiza wahusika, yaani michezo ambayo kila mchezaji hujitwalia nafsi ya shujaa mmoja, huku msimamizi akiusimulia ulimwengu wa hadithi na kuwachezea maadui wote. Hapa swali la mizani liligeuka sura, kwa kuwa pande mbili hazikuwa tena sawa kama katika bao: upande mmoja una mashujaa wachache wanaotarajiwa kuishi kisa baada ya kisa, na upande wa pili una mazimwi yasiyo na idadi maalumu. Katika matoleo ya mwanzo ugumu ulifungamanishwa na kina cha pango, kadiri mashujaa walivyoshuka ndivyo maadui walivyozidi kuwa wakali, na uamuzi wa kushuka ulikuwa wa wachezaji wenyewe. Toleo la tatu, la mwaka 2000, lilimpa kila zimwi kipimo cha changamoto, ambacho kilikadiria kwamba adui wa kipimo fulani angelipunguzia kundi la mashujaa 4 wa ngazi hiyohiyo kiasi cha asilimia 20 ya nguvu na akiba yao.

Toleo la tano, la mwaka 2014, lilikwenda mbali zaidi kwa kutoza alama za ziada kulingana na idadi ya maadui. Kwa mfano, katika toleo hilo kibwengo mmoja, aina ya zimwi dogo, ana thamani ya alama 50, na kwa mashujaa 4 wa ngazi ya kwanza pambano huhesabiwa kuwa gumu likifika alama 300 na kuwa la kufisha likifika 400. Vibwengo 3 wana alama 150, lakini kanuni huzidisha mara mbili kwa sababu ya wingi wao, hivyo pambano huwa gumu, na akiongezwa kibwengo mmoja tu hesabu hufika 400, yaani mpaka wa mauti. Toleo lililorekebishwa la mwaka 2024 liliondoa kizidisho hicho, jambo linalothibitisha kwamba baada ya nusu karne hesabu ya mizani bado inatafutwa.

Tofauti kati ya mapokeo haya mawili inastahili kufikiriwa kwa makini. Mchezo wa kuigiza huitegemea hesabu inayofanywa kabla ya pambano na busara ya msimamizi anayeweza kupunguza makali katikati yake, na msimamizi asiye makini huwapa wachezaji ushindi wa bure au kifo kisichoepukika. Bao halina msimamizi, kwa kuwa mizani yake imejengwa ndani ya kanuni zenyewe, na katika hilo wahenga wa Afrika Mashariki walifikia ustadi ambao wabunifu wa kisasa wana sababu nzuri ya kuusoma.

Kanuni za bao la Kiswahili zimekwisha kuandikwa na watafiti, lakini namna giuthi, enkeshui na ajua zinavyochezwa kutoka kijiji hadi kijiji hutegemea zaidi kumbukumbu za wazee. Shule na vyuo vya Nakuru vina wajibu wa kuwatuma vijana kwa wazee hao wakiwa na daftari, waandike idadi ya mashimo, idadi ya kete na kila katazo pamoja na sababu yake, na wabunifu wa michezo wa jiji hilo waanze kazi yao kutoka kwenye maandishi hayo. Anayepanda Hyrax Hill naye asikanyage wala kukwaruza vishimo vilivyochongwa mwambani, kwa maana ni urithi usioweza kuchongwa upya.