Maziwa ya Nyayo na deni lililoyamaliza

Aliyesoma shule ya msingi nchini Kenya miaka ya 1980 anaikumbuka pakiti ile ya pembetatu. Kreti zinashushwa kutoka kwenye lori, mwalimu wa zamu anahesabu, viranja wanagawa, na watoto wanaing'ata ncha kwa meno. Mililita 200 za maziwa kwa kila mtoto. Yakiisha, pakiti inapulizwa hewa, inawekwa chini na kukanyagwa ipasuke kwa kishindo.

Mpango huo ulianza mwaka 1979. Rais Daniel arap Moi, mwalimu wa zamani, alikuwa ameshika uongozi Agosti 1978 baada ya kifo cha Jomo Kenyatta. Desemba mwaka huo alifuta karo iliyokuwa imebaki katika shule za msingi, kisha akaongeza maziwa ya bure, yaliyoitwa maziwa ya Nyayo. Mwaka 1978 shule hizo zilikuwa na wanafunzi karibu milioni 3. Mwaka uliofuata wakakaribia milioni 3.7. Karo ndiyo iliyokuwa kizuizi kikubwa, na kufutwa kwake ndiko kulikowaleta wengi. Lakini mtoto aliyetoka nyumbani na chai ya rangi tu tumboni hakukubali kukosa shule siku ya maziwa.

Kazi ya kuyasindika ilipewa KCC, ushirika wa maziwa ulioanzishwa na masetla mwaka 1925 huko Naivasha. Mfugaji akapata soko kubwa, mtoto akapata lishe. Kilichokosekana ni malipo. Serikali ilichukua maziwa na kuchelewesha fedha. KCC nayo ikamchelewesha mfugaji. Usimamizi mbovu ukazidisha hasara. Biashara ya maziwa ilipofunguliwa mwaka 1992, wafugaji wengi waliwahamia wanunuzi waliolipa taslimu. Miaka ya 1990 ikielekea ukingoni, lori likaacha kuja.

Wapo wanaosema mpango ulikufa kwa sababu ulikuwa siasa tupu. Siasa zilikuwapo, na Moi alijua kuvuna sifa. Hata hivyo watoto waliyanywa maziwa yenyewe, hawakunywa siasa. Waliowaangusha ni walioweka saini ya kuagiza bila kutenga fedha za kulipa.

Huko maeneo kame, chakula cha mchana kilikuwa na historia yake. Tangu mwaka 1980, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) lilisaidiana na serikali kupeleka mahindi, maharagwe na mafuta mashuleni. Sufuria ya githeri jikoni ndiyo iliyowashikilia wanafunzi wengi ukame ulipobana.

Lakini chakula pekee hakitoshi ikiwa tumbo lina minyoo. Mwaka 1998, huko Busia, watafiti Michael Kremer na Edward Miguel walifuatilia shule 75 ambako watoto walipewa dawa ya minyoo kwa awamu. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2004, yalionyesha kwamba utoro ulipungua kwa robo katika shule zilizopata dawa. Wataalamu wamebishana kuhusu hesabu za utafiti huo, ila Kenya haikungoja ubishi uishe: mwaka 2009 ilianza kampeni ya kitaifa ya kuwapa wanafunzi dawa hizo shuleni, kutoka mkononi mwa mwalimu.

Mwaka huohuo wa 2009 serikali ilianza kuzipelekea shule fedha zinunue chakula kwa wakulima wa karibu, na kufikia 2018 WFP ilikuwa imeikabidhi jukumu lote. Jijini Nairobi, mpango wa Dishi na County ulioanza mwaka 2023 unamtoza mzazi shilingi 5 kwa sahani, na mtoto hulipia kwa bangili anayovaa mkononi.

Bajeti ya taifa kwa kawaida husomwa Juni. Mzazi, muulize mbunge wako ni shilingi ngapi zimetengwa kwa chakula cha shule, na mkulima aliyepeleka maharagwe muhula uliopita amelipwa lini.