Halvergate: Uwanda wa malisho uliozua mzozo wa maji

HALVERGATE ni uwanda mpana wa malisho ulioko katika jimbo la Norfolk, mashariki mwa Uingereza, baina ya mito Yare na Bure, karibu na mji wa pwani wa Great Yarmouth. Sehemu kubwa ya ardhi yake iko chini ya kimo cha maji ya bahari yanapojaa. Uwanda huu hukumbukwa kwa mzozo wa miaka ya 1980 baina ya wakulima na watetezi wa mazingira, mzozo ambao hatimaye ulibadilisha sera ya kilimo nchini humo.

Kinamasi hiki hakikuachwa katika hali yake ya asili. Kwa karne nyingi wenyeji walijenga kingo za kuzuia mito, wakachimba mitaro na kuyatoa maji kwa vinu vya upepo, kisha kwa pampu za mvuke, dizeli na umeme. Mitaro hiyo ilikuwa na kazi tatu: kuondoa maji ya ziada, kunywesha ng'ombe na kutenganisha malisho badala ya ua. Kwa hivyo, swali halikuwa iwapo maji yatolewe, bali yatolewe kwa kiasi gani.

Nyasi za malisho hustahimili maji yaliyo karibu na uso wa ardhi. Ngano haiwezi, kwani mizizi yake hukosa hewa. Anayetaka kuipanda hana budi kushusha sana kiwango cha maji mitaroni na kuzika mabomba ya kukausha shamba. Hapo udongo hukauka na kuwa mgumu, na ndege wa majimaji wanaotafuta chakula katika tope laini hukosa cha kuwalisha makinda yao. Mimea ya mitaroni na kereng'ende nao hutoweka.

Uingereza ilipojiunga na Jumuiya ya Kiuchumi ya Ulaya mwaka wa 1973, wakulima walihakikishiwa bei nzuri ya nafaka. Wizara ya Kilimo nayo ilitoa ruzuku za kugharimia pampu na mitaro. Mapato ya ng'ombe hayakufua dafu mbele ya ngano. Sheria ya uhifadhi ya mwaka wa 1981 iliruhusu mkulima aliyekubali kutolima alipwe fidia ya faida aliyoikosa. Kasoro ikajitokeza: aliyetangaza nia ya kulima aliweza kulipwa, ilhali jirani yake aliyeendelea kufuga kimya kimya aliambulia patupu. Serikali ikawa inatumia fedha za umma kukausha ardhi, na papo hapo kuzuia isikaushwe.

Mwaka wa 1984 baadhi ya wakulima walianza kulima malisho, na wanaharakati wa shirika la Friends of the Earth wakaandamana. Mwaka uliofuata ulianzishwa mpango wa majaribio uliomlipa kila mkulima pauni 50 kwa ekari kwa mwaka, mradi adumishe malisho. Fedha hizo sasa zilimtuza mfugaji badala ya mwenye kutishia kulima. Wakulima wengi walijiunga.

Ufanisi huo ulisaidia kuleta Sheria ya Kilimo ya 1986, iliyowezesha kutengwa kwa maeneo maalumu ambamo wakulima walilipwa kwa kutunza mazingira. Eneo la Broads, lenye uwanda wa Halvergate, lilikuwa miongoni mwa ya kwanza kutengwa, mwaka wa 1987. Baadaye waliokubali kuinua kiwango cha maji walilipwa zaidi. Mpango huo ulifungiwa wakulima wapya mwaka wa 2005, na mingine ikachukua nafasi yake.

Ili jirani asifurikiwe, vizuizi vidogo hujengwa mitaroni na kila sehemu ikawa na kiwango chake cha maji. Ng'ombe nao hawana budi kubaki: wasipolisha hapo, matete na vichaka huyameza malisho. Hivyo, bila mfugaji mwenye riziki ya kutosha, hakuna kinamasi cha kuhifadhi.