Mshairi Asiye na Anwani: Dante Alighieri Katika Stempu na Bahasha za Posta, 1921–2021

Utangulizi

Barua ikishafika na kusomwa, aghalabu bahasha yake hutupwa, na stempu iliyobandikwa juu yake hutupwa pamoja nayo. Ni wachache wanaokumbuka kwamba kipande hicho cha karatasi, kisichozidi upana wa vidole viwili, ni hati ya serikali. Hakichapishwi ila kwa idhini ya dola. Picha yake huchaguliwa na wakuu. Thamani yake huwekwa kwa amri. Na siku ya kutolewa kwake hutangazwa. Kwa hiyo mtu akitiwa katika stempu, dola imekwisha kusema neno juu yake, nalo ni hili: mtu huyu ni wetu.

Neno hilo ni jepesi likisemwa juu ya mfalme au jemadari. Likisemwa juu ya mshairi, tena mshairi aliyefukuzwa kwao na kufa ugenini, linahitaji kupimwa. Makala haya yanazitazama stempu na bahasha zilizotolewa kwa heshima ya Dante Alighieri kuanzia mwaka 1921, kwa nia ya kuonyesha kwamba vitu hivyo, vikipangwa kwa taratibu ya miaka, vinasimulia machache juu ya Dante na mengi juu ya wale waliomdai.

Mfungwa wa nje

Dante alizaliwa Firenze mwaka 1265. Alishiriki katika siasa za mji wake, na mwaka 1300 alikuwa miongoni mwa wakuu wa serikali yake. Chama chake kiliposhindwa alihukumiwa, mwezi wa Januari 1302, kulipa faini na kwenda uhamishoni; na mwezi wa Machi hukumu ikazidishwa, kwamba akikamatwa katika ardhi ya Firenze atachomwa moto. Hakurudi tena. Alitangatanga kutoka mlango hata mlango, akila mkate wa watu, na katika hali hiyo akautunga utenzi wake mkuu, Divina Commedia, wenye nyimbo 100 zilizogawanywa sehemu tatu: Jehanamu, Toharani na Peponi. Alifariki Ravenna mwezi wa Septemba 1321.

Alipokwisha kufa, Firenze ilimtaka. Mwaka 1519 Papa Leo X, ambaye mwenyewe alikuwa mwana wa Firenze wa ukoo wa Medici, alitoa ruhusa mifupa ya mshairi irejeshwe. Wajumbe walipolifungua kaburi walilikuta tupu, kwa kuwa watawa Wafransisko wa Ravenna walikuwa wameitoa mifupa na kuificha. Haikuonekana hadharani mpaka mwaka 1865, mafundi wa ujenzi walipokuta sanduku ndani ya ukuta, mwaka ule ule ambao Italia ilikuwa ikisherehekea miaka 600 tangu kuzaliwa kwake. Hata leo kaburi alilojengewa katika kanisa la Santa Croce huko Firenze halina maiti ndani yake.

Hivyo mtu ambaye sura yake imepelekwa na posta ya nchi nyingi, yeye mwenyewe hakuwa na anwani kwa miaka 19 ya mwisho wa maisha yake.

Mwaka 1921: mshairi na mpaka

Stempu za kwanza za Italia za kumkumbuka Dante zilitolewa mwezi wa Septemba 1921, kwa kutimia miaka 600 tangu kifo chake. Zilikuwa tatu. Ile ya sentesimi 15 ilikuwa na tai na kitabu cha Divina Commedia. Ya sentesimi 25 ilimwonyesha mwanamke aliye mfano wa Italia akimletea mshairi majani ya heshima. Na ya sentesimi 40 ilikuwa na Dante mwenyewe. Stempu ya sentesimi 15 ilichapishwa pia kwa rangi ya kijivu, lakini hiyo haikutolewa kwa matumizi ya watu, na kwa sababu hiyo wakusanyaji huiwekea alama ya pekee katika albamu zao.

Mtu akizitazama stempu hizo peke yake ataona heshima ya fasihi tu. Akizitazama pamoja na jirani zake ataona jambo jingine. Katika mwaka huo huo wa 1921 posta ya Italia ilitoa stempu za kuadhimisha kuunganishwa kwa jimbo la Venezia Giulia na Ufalme, nazo zilikuwa za thamani zile zile, yaani sentesimi 15, 25 na 40. Kisha zikatolewa nyingine za kuadhimisha ushindi wa vita vilivyokwisha mwaka 1918. Dante aliwekwa katikati ya mpaka mpya na ushindi.

Hilo halikuwa la bahati. Katika wimbo wa 9 wa Jehanamu mshairi anaitaja ghuba ya Quarnaro, karibu na mji wa Pola, kuwa ndipo Italia inapokoma. Kwake yeye lilikuwa neno la kupita tu, katika kulinganisha makaburi na makaburi. Lakini wazalendo wa karne ya 19 na ya 20 walilishika neno hilo kama hati ya shamba. Walipokuwa chini ya Austria, Waitalia wa Trento walimsimamishia Dante sanamu kubwa mwaka 1896, na kila aliyeiona alifahamu maana yake. Stempu za mwaka 1921 zilikuwa sanamu hiyo hiyo, ila hii ilipita mkononi mwa kila mtu. Maana sentesimi 40 ndiyo iliyokuwa ada ya barua ya kawaida ndani ya nchi wakati huo.

Mwaka 1932: mshairi na makoloni

Mwaka 1932, chini ya utawala wa Kifashisti, Italia ilitoa stempu nyingi zaidi kwa ajili ya Chama cha Dante Alighieri, kilichoundwa mwaka 1889 kwa madhumuni ya kueneza lugha na utamaduni wa Kiitaliano nje ya nchi. Stempu za kawaida zilikuwa 12, pamoja na nyingine za posta ya ndege, na juu yake waliwekwa waandishi wakuu kama vile Boccaccio, Machiavelli, Tasso, Leopardi na Carducci. Dante alipewa stempu ya mwisho na ya ghali kuliko zote 12: lira 10, na juu yake ziada ya lira 2 na nusu.

Tofauti na mwaka 1921 ni kubwa. Barua ya kawaida mwaka 1932 ilikuwa ikilipiwa sentesimi 50. Aliyenunua stempu ya Dante alilipa mara 25 ya ada hiyo, naye aghalabu hakuwa na barua ya kupeleka, bali alikuwa na albamu ya kujaza. Mshairi aliyekuwa akisafiri na salamu za watu wa kawaida sasa alikuwa kitu cha kuuzwa kwa wakusanyaji.

Stempu hizo zilichapwa pia kwa rangi nyingine na kupigwa juu yake maneno Colonie Italiane, kwa matumizi ya makoloni, Somalia ikiwa mojawapo. Hapa ndipo habari hizi zinapoligusa bara la Afrika, na kuwagusa wasemao Kiswahili. Ndani ya Somalia ya Waitalia ulikuwamo mji wa Barawa, ambao watu wake husema Chimiini, lahaja ya Kiswahili cha kaskazini. Barawa ilikuwa na washairi wake, miongoni mwao Bibi Dada Masiti, aliyetunga mashairi ya dini kwa Chimiini na ambaye beti zake zilihifadhiwa vifuani mwa watu. Wao hawakupata kuwekwa katika stempu ya Kiitaliano. Walioletewa ni Boccaccio na Machiavelli.

Hata ardhi yenyewe ilipewa jina. Katika rasi ya Hafun, upande wa kaskazini-mashariki, palipokuwa na kiwanda kikubwa cha chumvi, Waitalia waliuita mji Dante. Wataalamu wengi wanapahesabu mahali hapo kuwa ndipo Opone, bandari inayotajwa katika Periplus, kitabu cha mabaharia cha karne ya kwanza, kabla hakijafika kusimulia pwani ya Azania na Rhapta. Bandari iliyokuwa na jina lake kwa karibu miaka 2,000 ikabatizwa jina la mshairi wa Firenze ambaye hakupata kuisikia. Kiwanda kiliharibiwa wakati wa Vita Vikuu vya Pili, na jina lile likaondoka na wenyewe. Hafun imebaki Hafun.

Mwaka 1965: mshairi na kitabu

Miaka 700 ya kuzaliwa kwa Dante ilitimia mwaka 1965. Ufalme wa Italia ulikuwa umekwisha tangu mwaka 1946, na Jamhuri haikuwa na haja ya tai. Ilitoa stempu nne. Tatu, za lira 40, 90 na 130, zilichukua picha za kale zilizochorwa katika miswada ya utenzi, kwa Jehanamu, Toharani na Peponi. Ya nne, ya lira 500, ilikuwa na kichwa cha mshairi. Dante wa mpaka aliondoka, akaja Dante wa kitabu.

Jambo la kustaajabisha zaidi ni kwamba Vatikani nayo ilitoa stempu nne, za lira 10, 40, 70 na 200, zenye sura ya Dante kwa mkono wa Raffaello na michoro ya Botticelli. Yafaa ikumbukwe kwamba mshairi huyu aliwaweka mapapa katika Jehanamu, akamwandalia nafasi humo hata Papa Boniface VIII aliyekuwa hai wakati ambao safari ya utenzi inadhaniwa kufanyika. Kitabu chake kingine, De Monarchia, kilichokana kwamba Kaizari hupata mamlaka yake kwa Papa, kilichomwa moto kwa amri ya kardinali, na baadaye kikaingizwa katika orodha ya vitabu vilivyokatazwa, kisitolewe humo mpaka mwaka 1881. Mwaka 1921 Papa Benedikto XV alimsifu Dante kwa waraka, na mwaka 1965 Papa Paulo VI akafanya vivyo hivyo. Stempu ilikuwa muhuri wa suluhu hiyo.

Mwaka huo huo Marekani ilitoa stempu ya senti 5 iliyobuniwa na Douglas Gorsline, nayo ilizinduliwa San Francisco, mji wenye wazao wengi wa wahamiaji kutoka Italia, tarehe 17 Julai. Umoja wa Kisovyeti ulitoa yake. Monaco ilifuata mwaka 1966, na Ujerumani Magharibi mwaka 1971. Dola zilizoelekezeana silaha zilikubaliana juu ya mtu mmoja, na kila moja ilimsoma kwa macho yake.

Ushahidi wa bahasha

Mkusanyaji asiye na uzoefu huikata stempu, akaichovya majini mpaka gundi iachie, akaibandika katika albamu. Kwa kufanya hivyo amehifadhi picha na kuipoteza historia. Bahasha nzima ina mhuri wa posta unaotaja mji na siku, ina anwani, huenda ina mhuri wa pili wa mahali ilipopokelewa, na jumla ya stempu zake yaonyesha ada iliyolipwa. Stempu ya sentesimi 40 iliyo peke yake katika bahasha ya mwaka 1921 inathibitisha kwamba Dante alifanya kazi ya posta. Stempu ya lira 10 ya mwaka 1932 iliyopigwa mhuri safi, pembeni kabisa, bila ya anwani, inathibitisha kinyume.

Kwa kipimo hicho, bahasha za siku ya kwanza zilizoenea sana mwaka 1965 ni ushahidi dhaifu wa matumizi, maana nyingi hazikubeba barua yoyote. Lakini ni ushahidi mzuri wa sherehe: zinaonyesha mji gani ulichaguliwa, picha gani ilichapwa ubavuni mwa bahasha, na maneno gani yalitiwa katika mhuri. Mhuri wa Ravenna na mhuri wa Firenze juu ya stempu moja ni madai mawili, na ugomvi wa mwaka 1519 ungali unasikika ndani yake.

Hata sura inayoonekana ni dai. Hakuna picha ya Dante inayojulikana kwa hakika kuwa ilichorwa mbele yake akiwa hai. Ile ya ukutani mwa Bargello, inayonasibishwa na Giotto au wanafunzi wake, ilifunuliwa mwaka 1840 tu, na ile ya Raffaello ilichorwa karibu karne mbili baada ya kifo chake. Mifupa ilipimwa na Fabio Frassetto mwaka 1921, na kutokana na vipimo hivyo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Bologna walitengeneza sura mpya mwaka 2007. Pua iliyopatikana haikupinda kama mdomo wa mwewe, jinsi ilivyozoeleka katika stempu.

Hitimisho

Mwaka 2021, kwa miaka 700 ya kifo chake, Italia, Vatikani na San Marino zilitoa stempu tena. Kati ya maadhimisho hayo na yale ya kwanza lilitokea jambo moja dogo: mwaka 2008 baraza la mji wa Firenze lilipiga kura kuifuta hukumu ya mwaka 1302. Sura yake ilikuwa imekwisha kusafiri juu ya barua kwa miaka 87 kabla mji wake haujamruhusu kurudi.

Kilichomfanya adaiwe na wengi hivyo hakikuwa mpaka, wala tai, wala koloni. Katika zama ambazo wasomi waliandika kwa Kilatini, yeye alitetea lugha ya wanawake na watoto, lugha ambayo mtu huipata kwa mlezi wake bila ya kufundishwa kanuni, na kwa lugha hiyo akautunga utenzi mkubwa kuliko yote ya wakati wake. Hoja hiyo ilikuwa kweli kwa Kiitaliano cha Firenze, na ilikuwa kweli vile vile kwa Chimiini cha Barawa. Waliochapa maneno Colonie Italiane juu ya stempu za mwaka 1932 walimheshimu mwenye hoja, wasiisome hoja yenyewe.