Unataka kuimarisha tela lako dogo? Soma hapa kabla hujanunua chuma

Tela dogo la kuvutwa na pikapu au pawatila ni mkombozi wa watu wengi. Linabeba mahindi, mchanga, kuni, majani ya ng'ombe na maji. Shida huanza pale mzigo unapozidi kidogo kila siku, barabara ina mashimo, na siku moja unaona chesisi imebonyea au mkono wa kuvutia umepata ufa.

Kumbuka hili: simtanki la lita 1000 likijaa ni kilo 1000 za maji peke yake. Magunia 10 ya kilo 100 ni tani moja vilevile. Mkono ukikatika barabarani, tela hilo halina breki wala usukani, na aliye nyuma yako ndiye anayelipa.

Habari njema ni kwamba huhitaji chuma cha bei ya juu. Unahitaji kilicho sahihi, kikae mahali sahihi.

1. Jua kwanza tela limechokea wapi

Usiende dukani kabla hujalala chini ya tela na tochi. Matela mengi madogo huanza kuumia sehemu tatu:

- Pale mkono wa kuvutia unapoungana na fremu ya mbele.
- Pale springi zinaposhikwa kwenye chesisi.
- Katikati ya mihimili mirefu, ikiwa imebonyea.

Piga brashi ya waya utoe matope na kutu. Ufa mdogo hujificha chini ya rangi. Ukijua panapouma, utanunua mita chache tu badala ya kubeba chuma cha kutengeneza tela jipya.

2. Chagua umbo, si uzito tu

*Skwea paipu (bomba la mraba).* Hii ndiyo nzuri kwa fremu na mkono wa kuvutia. Umbo lililofungwa pande zote halijipindi kirahisi, na tela likipita kwenye mashimo hujipinda sana.

*Engo.* Ni rahisi kuchomelea na kufunga bolti. Inafaa kwa mihimili ya kukatiza, kingo za bodi na kushikilia mbao za sakafu. Udhaifu wake ni kujinyonga, kwa hiyo usiitegemee peke yake kwenye mkono wa kuvutia.

*Flati baa.* Hapa wengi hukosea kwa kuilaza. Flati baa ya milimita 50 kwa 6 ikisimamishwa inakataa kupinda karibu mara 70 kuliko ikilazwa. Chuma ni kilekile, bei ileile. Ukiichomelea ubavuni mwa muhimili, isimamishe.

*Nondo.* Iache kwa ajili ya zege. Nyingi ni chuma kigumu, na ukichomelea ovyo hupasuka pembeni ya mchomeleo. Kwa kulabu za kamba sawa, kwa kubeba mzigo hapana.

*Springi kuukuu za gari.* Zinavutia kwa kuwa ni ngumu, lakini ukizichomelea joto linaharibu ugumu wake na zinavunjika ghafla. Usizichomelee.

3. Uliza milimita, usiulize geji

Namba ya geji ikipanda, chuma kinakuwa chembamba. Geji 16 ni nyembamba kuliko geji 14. Ndiyo maana ukisema tu "nipe nzito" unaweza kupewa chochote. Taja milimita, kisha pima kwa kalipa. Pima ukutani mwa bomba, si kwenye mshono wala penye rangi.

Huna kalipa? Tumia mzani. Hesabu ya skwea paipu ni hii: chukua upana, toa unene, zidisha kwa 4, zidisha kwa unene, kisha zidisha kwa 0.00785. Unapata kilo kwa kila mita.

Skwea paipu ya 50 kwa 50, urefu wa mita 6, inatakiwa kuwa hivi:

- Unene wa mm 2: karibu kilo 18
- Unene wa mm 2.5: karibu kilo 22
- Unene wa mm 3: karibu kilo 26

Ukiambiwa ni mm 3 na mzani unasoma 22, umepewa mbili na nusu.

4. Linganisha bei kwa kilo

Tuseme duka la kwanza linauza bomba hilo kwa 60,000 na lina kilo 22. Duka la pili wanataka 66,000, lakini lina kilo 26. (Bei hizi ni mfano tu.) La kwanza ni kama 2,730 kwa kilo, la pili ni kama 2,540. Lile lililoonekana ghali ndilo rahisi, na ndilo nene.

5. Pima urefu pia

Kuna vyuma vya mita 6 kamili na vingine ni mita 5.8. Sentimita 20 zinaweza kukugharimu kipande kizima.

Chukua tela la mita 1.2 kwa 2.4. Unataka mihimili miwili ya 2.4, mitatu ya kukatiza ya 1.1, na mikono miwili ya 1.5. Jumla ni mita 11.1. Kwa vyuma viwili vya mita 6 inatosha: cha kwanza unakata 2.4, 2.4 na 1.1, cha pili 1.5 mbili na 1.1 mbili. Lakini vikiwa vya mita 5.8, cha kwanza hakitoshi, maana kinahitaji 5.9. Ukishikilia mpango huo wa kukata, utarudi dukani kwa ajili ya kipande kimoja.

Kwa hiyo chora mpango wa kukata kwenye karatasi kabla ya kutoa hela.

6. Mabaki na chuma kilichotumika

Hapa ndipo bei inaposhuka. Mafundi wa mageti na madirisha huwa na vipande vya mita moja au mbili vilivyobaki. Kwa mihimili ya kukatiza vinatosha kabisa. Sehemu kama Gerezani jijini Dar es Salaam au Kamukunji jijini Nairobi, mafundi wa vyuma wamejaa, na maongezi yapo.

Ukinunua kilichotumika angalia:

- Kutu ya juu juu haina neno. Kutu iliyokula mashimo, achana nayo.
- Chuma kilichopinda na kunyooshwa kwa nyundo, achana nacho.
- Bomba lililopakwa zinki: moshi wake ukichomelea unaleta homa. Saga zinki itoke kwanza, fanya kazi nje penye upepo.
- Chuma kinachofanana na cha alama za barabarani, reli au nguzo za umeme, usiguse. Ukikutwa nacho, kesi ni yako.

Dai risiti, hata kwa mabaki.

7. Mwambie fundi haya

Ufa usifunikwe tu kwa bati. Atoboe tundu dogo mwisho wa ufa ili usiendelee, asage, achomelee, ndipo aweke kiraka. Kiraka kikatwe ncha za mshazari, na mchomeleo upite kwa urefu wa muhimili, usikatize chini yake. Mabomba yafungwe ncha zote, au yatobolewe tundu chini maji yatoke. Mwisho ni rangi ya kuzuia kutu siku hiyohiyo.

Usijidanganye

Kuimarisha fremu hakuongezi uwezo wa ekseli, springi, beringi wala matairi. Vyuma viwili vya kilo 26 vimeongeza kilo zaidi ya 50 kwenye tela, na hizo zinatoka kwenye mzigo wako. Kama tela lilitengenezwa kubeba nusu tani, bado ni la nusu tani, ila sasa halitakuangusha njiani.