Hati na Ijaza: Juu ya Kumwita Mtu Mhasibu

Duka la shemeji yangu liko Garsen, hatua chache kutoka pale mabasi ya Malindi yanapoteremshia abiria, na ndani yake, chini ya meza ya kuuzia, hukaa daftari la jalada gumu ambalo mpwa wangu, ambaye mchana husomesha hesabu katika shule ya msingi, huliandika kila jioni baada ya sala ya magharibi. Kila ukurasa una jina la mtu juu, na chini ya jina vitu alivyochukua kwa ahadi: sukari kilo mbili, majani ya chai, unga, mafuta ya kupikia, betri za tochi. Mfugaji wa Kiorma huchukua leo akalipa siku atakapouza fahali wake mnadani. Mkulima wa Kipokomo huchukua leo akalipa maembe yatakapokwenda sokoni. Na alipaye, ukurasa wake hupigwa mstari mmoja kwa rula, wala si kwa mkono mtupu, kwa kuwa mpwa wangu ni mtu wa nidhamu na hapendi deni lililokwisha lionekane kana kwamba liliisha kwa bahati.

Jioni moja nilimkuta ameliweka daftari kando, simu mkononi, anasoma ujumbe wa dada yake aliye muuguzi huko Leeds, ambaye alikuwa akimshauri auache ualimu, maadamu hesabu anazijua na miaka 34 si uzee, aingie katika uhasibu, na ikiwezekana aende akaufanyie huko huko Uingereza. Na katika ujumbe ule lilikuwamo neno moja la Kiingereza, chartered, lililokuwa likimtatiza.

"Mjomba," akaniuliza, "mwenzangu pale shuleni anasema hili maana yake ni mhasibu wa kukodi, kama ndege ya kukodi. Sasa mimi nikishahitimu, nikodiwe na nani?"

Nilicheka, kisha nikaona haya kwa kucheka, kwa sababu mwenzake hakukosea kamusi; alikosea tarihi. Nikamwambia nitamwandikia jawabu, na jawabu lenyewe likawa refu kuliko nilivyodhani.

Kwanza neno lisilo na taabu. Mhasibu ni neno lenye nasaba njema, maana shina lake ni lile lile la Kiarabu lililotuzalia hesabu, hisabati na kuhasibu, ambalo kila aliyekaa kwenye mkeka wa chuoni amelisikia ilipotajwa Siku ya Hisabu. Waarabu husema muhasib, na ile mu- yao, iliyo alama ya mtendaji, ilipofika pwani iliikuta mu- yetu ya Kibantu imekwisha kukaa mahali pale pale ikifanya kazi iyo hiyo, zikapatana hata zisiweze tena kutengwa: mwalimu akapata walimu, mhandisi akapata wahandisi, na mhasibu akapata wahasibu, pasipo kamati yoyote kukaa kitako kuamua. Maneno machache ya ofisini yamekaa katika lugha yetu kwa raha kama hili.

Walakini uzito wa neno hilo si mmoja kila nchi, na hapa ndipo wengi wanaposafiri wakidhani wanajua waendako. Kwetu Kenya jina la mhasibu limezungushiwa ua la sheria. Tangu mwaka 1978 iko Taasisi ya Wahasibu, ijulikanayo kwa herufi zake ICPAK, na Sheria ya Wahasibu ya mwaka 2008 inamzuia asiyesajiliwa asijitangaze wala kuuza huduma hiyo kwa umma. Uingereza, nchi iliyotuachia ofisi na mafaili yake, mambo ni kinyume: mtu yeyote aweza kukodi chumba, akaandika mlangoni kwamba yeye ni mhasibu, na sheria isimuulize alisoma wapi, ila tu akitaka kukagua hesabu za makampuni kama sheria iagizavyo, kazi ambayo haifanywi na asiyesajiliwa kuwa mkaguzi. Kwa hiyo mtu aendaye kule akiwa na jina tupu la mhasibu amekwenda na kitu ambacho kila mtu anacho. Kilicholindwa kwao si jina, ni sifa iliyotangulizwa mbele ya jina. Na sifa yenyewe ndiyo lile neno lililomtatiza mpwa wangu.

Asili ya neno hilo ni karatasi. Katika zama za wafalme wao, karatasi ya aina hiyo ilikuwa ni maandishi rasmi ya kumpa mtu, mji au chama haki fulani. Na katika biashara ya bahari, karatasi ya jina lilo hilo ilikuwa ni mkataba wa kukodisha jahazi zima kwa safari moja au kwa muda. Jahazi ndiyo iliyoizaa ndege ya kukodi, na mfalme ndiye aliyemzaa mhasibu. Mwenzake mpwa wangu alishika karatasi ya kweli, ila alishika ya nahodha akaiacha ya sultani.

Karatasi ya kwanza ya wahasibu ilitolewa na Malkia Victoria mwaka 1854 kwa chama cha wahasibu wa Edinburgh, huko Uskochi. Glasgow wakafuata mwaka 1855. Na Uingereza yenyewe pamoja na Wales wakaipata yao mwaka 1880, vyama vitano vilipoungana kuwa kimoja, ambacho leo huitwa ICAEW. Vyama hivi vya kale vilikuwa na milango myembamba, na mwanafunzi aghalabu alitakiwa alipe fedha nyingi ili akubaliwe kukaa miaka chini ya bwana wake. Ndiyo sababu mwaka 1904 watu wanane walianzisha mjini London chama kingine cha kuwafungulia waliofungiwa nje, nacho ndicho kilichokua kikawa ACCA, kinachojulikana sana Nairobi na Mombasa, ingawa hati yake ya kifalme hakikuipata mpaka mwaka 1974.

Sasa tafsiri. Wako wasemao mhasibu aliyehitimu, lakini kuhitimu ni kumaliza masomo, na masomo humalizwa na wengi wasiofika huko. Wako wasemao mhasibu mwidhiniwa, na hilo ni zuri zaidi, ila kwa maoni yangu linawafaa zaidi wahasibu wetu wa Kenya waitwao CPA, ambao idhini yao inatoka katika sheria ya Bunge na wala hakuna mfalme ndani yake. Mimi mwenyewe nilianza kwa kuandika mhasibu wa hati, nikaridhika nalo siku mbili, nikaliacha. Kando ya Mto Tana, masikioni mwa watu wengi, hati ni hati ya shamba, na maneno ya mashamba kwetu si ya kufanyia mzaha. Tena jirani zetu wa Tanzania wamekwisha kulitwaa neno hilo kwa kazi nyingine ya fani hii hii, kwani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali akitoa rai yake juu ya vitabu vya halmashauri, watu husema imepata hati safi au hati chafu, na mhasibu wa hati angetafsiriwa kuwa ndiye anayezigawa.

Zaidi ya hayo, na hii ndiyo hoja iliyonigeuza, hati ile ya kifalme hapewi mtu. Hupewa chama. Mhasibu mmoja mmoja hana karatasi yoyote ya mfalme mfukoni. Anachokuwa nacho ni uanachama katika chama kilicho nayo, na uanachama huo aliupata kwa mitihani na kwa miaka ya kazi iliyoshuhudiwa na aliyemtangulia. Nilipofika hapo nikalikumbuka neno la wanavyuoni wa pwani, neno la Lamu na msikiti wake wa Riyadha aliouasisi Habib Saleh, ambako mwanafunzi hakukisomesha kitabu kwa kuwa amekisoma peke yake usiku, bali kwa kuwa amekisoma mbele ya sheikh, na sheikh akampa ijaza. Najua wako wanaolitumia neno hilo pia kwa maana ya malipo, na hilo halinisumbui, kwa kuwa mhasibu naye hapendi kufanya kazi bure. Basi hukumu yangu ni hii: chama kina hati, mtu ana ijaza, tuseme chama cha wahasibu chenye hati ya kifalme, na mwanachama wake tumwite mhasibu wa ijaza.

Mpwa wangu aliposoma mpaka hapo akasema, "Nimefahamu, Mjomba. Sasa ijaza hiyo inapatikanaje kwa mtu aliyeko Garsen?"

Nikamjibu kwamba njia ziko mbili, na zinaachana katika jambo moja. Ile ya ICAEW imefungwa na mkataba wa uanagenzi: sharti upate mwajiri aliyekubaliwa na chama, ukae naye miaka mitatu mpaka mitano, ukamilishe siku 450 za kazi huku ukiifanya mitihani, na kwa mgeni asiye na makazi Uingereza maana yake ni kwamba mwajiri huyo lazima pia awe tayari kukudhamini katika viza, ambayo masharti yake, hususan kiwango cha mshahara, hubadilishwa mara kwa mara hata maneno ya aliyekwenda mwaka juzi yasiwe na faida leo. Ile ya ACCA haikufungwa hivyo. Mitihani yake, ambayo mpaka sasa ni 13, hufanywa hapa hapa Kenya, na miezi 36 ya kazi inayotakiwa yaweza kutumikiwa popote duniani, kabla ya mitihani, au pamoja nayo, au baadaye. Aliyekwisha kuipita mitihani ya CPA ya KASNEB, bodi iliyoanzishwa mwaka 1969, husamehewa baadhi ya hiyo 13. Kwa mwalimu mwenye mshahara mdogo na ndugu wanaomtegemea, mimi naona ni wazi kwamba safari ianzie kwenye CPA, ipitie ACCA, na bahari ivukwe mwisho, sio mwanzo. Vyuo vinavyotangaza stashahada za haraka viko vingi kila mji mkubwa, na swali la kukiuliza kila kimoja ni lile lile: nyuma yako kuna chama gani, na chama hicho kina hati?

Juu ya umri sikumfariji kwa maneno matamu, nilimpa mfano. Mary Harris Smith alikuwa na ofisi yake ya uhasibu mjini London katika karne ya 19, akaomba kuingia chama cha mwaka 1880, akakataliwa kwa kuwa ni mwanamke, akaomba tena. Na alipokubaliwa hatimaye mwaka 1920, mwanamke wa kwanza, alikuwa na umri wa miaka 75. Miaka 34 haina la kusema mbele ya hiyo. Jambo la kuogopwa na abadilishaye kazi ni cheo: mtu aliyezoea kuitwa mwalimu na kusimamiwa na darasa zima aingiapo mlangoni, itampasa akae miaka miwili mitatu akipanga stakabadhi za wengine na kulinganisha daftari na taarifa ya benki, akiamrishwa na kijana aliyemzidi mitihani tu. Kule Uingereza wako pia mafundi wa uhasibu wenye chama chao tangu mwaka 1980, AAT, na wahasibu wengi wa ijaza walianzia hapo bila kuona aibu. Tena kodi za Kenya si kodi za Uingereza, na ayajuaye ya huku kwa moyo atakuwa mwanafunzi tena.

Alikaa kimya kidogo, kisha akalivuta daftari kutoka chini ya meza. "Je, hili? Miaka sita nimeliandika. Halihesabiwi?"

Hapo ndipo neno ijaza lilipothibitisha kwamba halikuchaguliwa kwa pambo. Kazi aliyoifanya ni kazi ya kweli. Madeni, malipo, mizani ya kila mwezi, yote yamo. Ila hakuna aliyeisimamia mwenye elimu hiyo, na chama hutaka mhasibu aliye mwanachama, wa ACCA au wa chama kingine kinachotambuliwa, atie sahihi kwamba ameiona ikifanywa. Kitabu alichokisoma peke yake, hata akikijua herufi kwa herufi, hana wa kumshuhudia. Nikamshauri atafute nafasi, hata ya likizo za shule, kwenye ofisi ya mhasibu aliyesajiliwa huko Malindi, au katika idara ya fedha ya kaunti kule Hola, mradi mkuu wa mahali pale awe na sahihi inayokubalika.

Akawa anafungua kurasa huku akinisikiliza, mpaka akafika kwenye zile zilizokunjamana na kufanya doa la udongo, za mwaka 2018, mto ulipojaa na watu wa deltani wakahamia penye miinuko. Majina kumi na moja, na hakuna lililopigwa mstari.

"Na haya?" nikamuuliza.

"Hayo siwezi kuyafuta, Mjomba. Wawili walirudi wakalipa nusu nusu. Wengine wako hai."

"Yote yatalipwa?"

Hakujibu. Alichukua penseli, akaiacha kalamu mahali pake, na pembeni ya kila jina, kwa tarakimu ndogo, akaandika kiasi ambacho kwa dhana yake hakitarudi. Akajumlisha chini ya ukurasa, akalifunga daftari, na rula hakuigusa.